Pengwini Aliyeitwa Ba Musonda

Barafu ya Ba Musonda ilikuwa na harufu. Ilinuka kutu na dizeli, na chini ya hayo ilinuka samaki wa wiki iliyopita, kwa sababu vipande vya barafu vilivyokosa mnunuzi vilirudishwa kwenye mapipa, vikayeyuka, vikagandishwa upya. Sisi watoto wa ufuko wa Kabuta, wilayani Nchelenge, tuliijua harufu hiyo kama tulivyojua moshi wa majiko yetu. Kila asubuhi mama alinituma na beseni kwenye jumba lake la mabati. Nikapanga foleni miguu mitupu juu ya maji baridi yaliyotiririka kutoka mlangoni, mpaka mmoja wa vijana wake akavunja kitalu kwa shoka na kunitupia vipande. Vile vidogo tulivinyonya njiani, harufu na yote. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu, mwaka nilipokuwa darasa la sita, watu wa mradi walitujia kutoka Lusaka na sanduku la plastiki, wakalifungua mbele ya darasa taratibu kama padri anayefungua tabernakulo, wakatoa kipande kimoja cha barafu na kutuambia, “Watoto, hii ndiyo barafu. Msiogope, mnaweza kuigusa.” Tuliigusa. Tulikuwa watoto wenye adabu, na tulikwisha kufundishwa kwamba mgeni wa shule hasahihishwi. Mmoja wao akatupiga picha tukiwa tumefumbua macho kwa mshangao, kama tulivyoelekezwa.

Mradi wenyewe, ukiondoa waliouleta, ulikuwa kitu kizuri. Ulikusudia kuunganisha madarasa ya nchi mbalimbali na wanasayansi wanaofanya kazi kwenye ncha za dunia, kule ambako hakuna kijiji wala njia. Darasa letu lilipewa mwanasayansi mmoja, mwanamke aliyekuwa akiishi ndani ya hema huko Antaktika ili kuchunguza pengwini. Mbele ya makazi ya ndege hao aliweka kamera, na kila darasa likapewa kiota kimoja kukifuatilia. Picha zilifika kila wiki katika kompyuta ya shule, na Madamu Mutale, mwalimu wetu wa sayansi, akatuonyesha moja baada ya nyingine huku tumesongamana nyuma ya mgongo wake. Alikuwa msichana mwembamba aliyetoka chuoni si zamani, mwenye sauti ya chini, na hakutupiga. Alitueleza kwamba pengwini wale hujenga kwa mawe, kwani huko hakuna nyasi wala kijiti, na kwamba dume akishapata mahali pake hukusanya kokoto moja moja kwa mdomo, azipange duara, ili theluji ikiyeyuka mayai yasilale majini. Tulimpenda ndege wetu tangu picha ya kwanza. Alikuwa mfupi, kifua mbele, na alitembea kama mtu aliyevaa suruali ya kaka yake. Tukampa jina la Kafupi.

Jina hilo halikudumu. Mwalimu mkuu, tuliyemwita Ba Hedi kama wengi waitavyo huku, Ba likiwa neno la heshima la Kibemba, aliingia darasani siku moja, akaitazama picha kwa muda ule ambao mtu huitazama saa ya ukutani, na kutangaza kwamba ndege wa shule yake hawezi kuitwa Kafupi. Ataitwa Ba Musonda. Ba Hedi alikuwa mtu wa kuinama. Mbele ya wadogo alisimama wima kama mlingoti, lakini akitokea mwenye gari mgongo wake ulilegea wenyewe, kana kwamba mtu amekata kamba. Na Ba Musonda alikuwa na magari mawili, jumba la barafu na mizani ambayo kila mvuvi wa Kabuta aliijua kwa ubaya. Samaki wako wakipanda juu yake walipungua uzito kabla hujavuta pumzi. Alikuwa ameipa shule sahani ya jua ya kuvuna umeme na betri iliyoendesha kompyuta, vitu viwili tu, na kwa vitu hivyo akaandikiwa jina ukutani kwa rangi nyekundu. Sasa alitaka kuwa diwani. Ba Hedi aliona kwamba mtu anayetaka udiwani anastahili pia kuwa na ndege wa jina lake huko mwisho wa dunia, na jinsi ninavyomfahamu, nadhani hakulala siku ile kwa furaha ya wazo lake.

Nyumbani nilimweleza mama. Mama yangu alitoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alivuka na vitenge na sabuni, akakuta samaki wana faida kuliko vitenge, akabaki. Kibemba alikizungumza cha sokoni, lakini jikoni kwake tulisema Kiswahili cha kwao, chenye vipande vya Kifaransa. Alinisikiliza huku akigeuza chisense, vile visamaki vidogo kama sindano, juu ya mkeka.

“Donc,” akasema, “banabatuma ku masomo juu ya kuangaria kuku ya mu barafu?”

Nikamwambia si kuku, ni pengwini, na anaitwa Ba Musonda. Mama akaacha kugeuza. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akanionya nisirudie kicheko chake nje ya ua ule.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Kamera ya yule mwanasayansi haikujua udiwani ni nini. Wiki ile ile baada ya kubatizwa, Ba Musonda alionekana katika picha akiwa ameinamia kiota cha jirani, jiwe mdomoni, na jirani yupo upande wa pili amegeuza kisogo. Picha iliyofuata, jiwe lile lipo kwenye duara lake. Iliyofuata, amerudi kwa jirani yule yule. Madamu Mutale alitueleza, bila kutabasamu, kwamba pengwini wengi wa aina ile huibiana mawe, ndiyo maisha yao, lakini huyu wetu alikuwa amezidi. Wenzake walitembea mbali hadi ukingoni mwa mwamba kutafuta kokoto, yeye hakuitafuta hata moja. Alingoja mwenzake asinzie. Kiota chake kikawa kikubwa kuliko vyote vilivyoonekana pichani, na katikati ya utajiri huo yeye amesimama, kifua mbele. Tulianguka kwa kicheko. Kila Ijumaa mtoto mmoja aliuliza, kwa heshima kubwa, “Madamu, leo Ba Musonda ameiba mangapi?” na Madamu akahesabu pamoja nasi.

Mtoto hana mfuko wa kuficha maneno. Kabla ya mwezi kwisha, Kabuta nzima ilijua kwamba Ba Musonda anaiba mawe ya majirani. Wanaume waliobeba samaki kwa baiskeli kwenda bara waliondoka na habari hizo pamoja na mizigo yao. Kwenye mizani, mvuvi akishaona samaki wake wamepungua, hakugombana tena. Aliuliza tu kwa upole, “Na mawe yanaendeleaje, Ba Musonda?” Watu wakaangalia pembeni. Mwenyewe hakuelewa. Alidhani wanamuuliza habari za nyumba aliyokuwa akijenga, akawajibu kwamba msingi umekamilika.

Aliyeelewa ni Ba Hedi, na dawa aliyoitafuta ilikuwa dawa ya watu wa aina yake. Hakumrudishia ndege jina lake la kwanza. Alifunga kompyuta kabatini, ufunguo akauweka mfukoni, akatangaza kwamba picha zinawaharibu watoto maadili na hazitaonyeshwa tena. Hata Madamu hakuruhusiwa kuzitazama. Wakati huo mayai mawili yalikuwa yamekwisha kutagwa, tuliyaona kwenye picha ya mwisho, meupe kati ya mawe ya wizi. Basi Ba Hedi akaamua kufuta mzaha kwa sherehe. Kabla ya shule kufungwa na kabla ya ziwa kufungwa kwa msimu wa samaki kuzaliana, mwanasayansi angepigiwa simu kupitia kompyuta, sauti yake isikike kwenye kipaza sauti mbele ya wazazi wote, na Ba Musonda wa Kabuta apewe hadharani habari za Ba Musonda wa Antaktika na watoto wake. Watu wa mradi walifurahi, wakasema watakuja na kamera.

Maandalizi yalikuwa ya fedheha. Tuliokuwa na viatu tulikaa mbele, wasio na viatu wakapelekwa nyuma ya ukuta kuimba wasionekane. Maswali yaliandikwa na Ba Hedi kwa mkono wake, sisi tukayakariri. Mimi nilikuwa na viatu na Kiingereza changu kilisikika, ingawa Ba Hedi aliona haya kwamba mtoto wa Kikongo ndiye asome swali kubwa. Alinisimamisha ofisini kwake nikalirudia mpaka koo likakauka: Je, ndugu yetu Ba Musonda anaendeleaje huko, na mafanikio yake ni yapi? Nilimuuliza kama naweza kuuliza pia hema lao hupashwa moto na nini, maana nilitaka sana kujua. “Soma kilichoandikwa, Solange,” akaniambia. “Akili zako peleka kwenu.”

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja ulitoa harufu ya vumbi lililolowa. Wazazi walijaa madirishani. Mama alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, magamba ya samaki bado yakimetameta mikononi, akasimama mlangoni. Ba Musonda alikaa mbele kabisa katika kiti cha kuegemea kilicholetwa kutoka nyumbani kwake, amevaa suti yenye joto la kuua. Ba Hedi alihutubia. Alimshukuru Ba Musonda kwa jua, nadhani alimaanisha sahani ya jua, lakini alivyotamka ilikuwa kama vile mtu yule analiwasha kila asubuhi. Debe tupu haliachi kuvuma. Halafu kipaza sauti kikakoroma, upepo ukavuma ndani yake, upepo mkali usiofanana na wetu, na sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiingereza, mbali na karibu kwa pamoja, “Habari zenu, Nchelenge! Mnanisikia?”

Nakiri kwamba mwili ulinisisimka. Palikuwa na mtu mmoja ndani ya hema, juu ya barafu isiyo na mwisho, na alikuwa ametaja jina la kwetu. Nilisimama nikasoma swali langu, neno kwa neno kama lilivyoandikwa.

Mwanamke yule alicheka kwa furaha. “Ba Musonda! Yule mwenye kiota kikubwa karibu na mwamba? Huyo tunamjua wote hapa kambini. Ni mwizi!”

Waliojua Kiingereza waliacha kupumua. Ba Musonda alijua Kiingereza cha bei na kilo tu. Alimwinamia Ba Hedi. “Amesemaje?”

“Amesema... ana nguvu,” Ba Hedi akajibu. Kisha, kwa kuwa wazazi walikuwa wakinong'ona, alimgeukia Madamu Mutale na meno yote nje. “Madamu, wafasirie wazazi. Kwa hekima.”

Madamu alisimama. Akashika mikono pamoja mbele ya sketi. Akatazama kipaza sauti, si Ba Hedi. Akasema kwa Kibemba kilicho wazi, “Anasema Ba Musonda ni mwizi. Wote kule wanamjua.”

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa jambo kubwa mno kwa kicheko. Na mwanasayansi, ambaye hakuona uso wa mtu yeyote na hakuwa na sababu ya kuuogopa, aliendelea kwa ari ya mtu aliyekosa wageni wa kuzungumza nao muda mrefu, akitua kila mara ili afasiriwe. Alisema hajapata kuona dume lenye mawe mengi kiasi kile. Madamu akafasiri. Alisema kwamba jike lilikwenda baharini kutafuta chakula, likamwachia mayai, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuyalalia. Madamu akafasiri. Alisema kule kuna ndege wa kahawia, mkubwa kama mwewe, anayezunguka juu akingoja kosa. Na siku moja Ba Musonda aliinuka kwenda kuchukua jiwe kwa jirani. Jiwe moja zaidi. Aliporudi nalo mdomoni, yai la kwanza halikuwapo. Kesho yake akaenda tena. “Samahani sana, watoto,” sauti ikasema. “Najua mlikuwa mnangoja vifaranga. Mpaka sasa bado amekaa juu ya mawe yake, lakini chini yake hamna kitu.”

Madamu Mutale alifasiri na hilo, hadi neno la mwisho. Wazee wetu walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa, lakini sijawahi kuusikia msemo huo ukisemwa vizuri kama alivyousema mwanamke yule bila kuujua. Ndipo kicheko kikaanza dirishani. Kilianza kwa mama mmoja aliyejaribu kukizuia kwa kitenge, kikaruka hadi kwa wavuvi, na nyuma ya ukuta wale watoto wasio na viatu wakapiga kelele kama timu iliyofunga bao. Mtu wa mradi, ambaye hakujua Kibemba, alidhani tunamfurahia ndege na akawa anatupigia makofi.

Ba Musonda aliinuka. Angeweza kucheka pia, na huenda udiwani angeupata siku ile ile, kwani watu humsamehe anayejicheka. Hakuwa na ukubwa huo. Aliwaita vijana wake wawili, akawaamuru wachomoe betri, na wakaichomoa huku mwanamke akiuliza kama tunalo swali lingine. Sauti ilikatika katikati ya neno. Mwenye kutoa alibeba alichotoa, nyaya zikining'inia, na Ba Hedi akamfuata nyuma hadi kwenye gari, ameinama, akiwa amembebea kiti.

Visasi vya watu wadogo huwa vidogo, lakini vinauma. Madamu Mutale alinyang'anywa darasa letu siku iliyofuata, akapewa kufagilisha uwanja pamoja na watoto wa chekechea. Muhula ulipokwisha aliondoka mwenyewe, hakuaga ofisini. Alituaga sisi. Na asubuhi ya pili, nilipofika na beseni kwenye jumba la mabati, kijana wa shoka hakunitazama usoni. Akasema hakuna barafu kwa Wakongo. Nyuma yake niliviona vitalu vimejaa hadi darini. Zilikuwa zimebaki siku chache ziwa lifungwe, na mama alikuwa amenunua samaki wote aliokuwa na uwezo nao, maana ndio wangetulisha hadi mwezi wa tatu. Nilirudi na beseni tupu, nikilia kwa hasira zaidi ya woga, nikiwa na hakika kwamba nimemfilisi mama yangu kwa kusoma sentensi ambayo si yangu.

Mama aliniangalia, akaangalia samaki wake, nzi wameshaanza kufika.

“Anakatala?” akasema. “Bon. Samaki yangu haimujue ule mutu. Kamata kisu.”

Tulipasua samaki mchana kutwa. Majirani walikuja na visu vyao bila kuitwa, Wabemba na Wakongo, mmoja akaleta chumvi, mwingine kuni, na samaki hao tuliwapanga juu ya moto wa moshi mpaka macho yakatuvimba. Baadhi waliharibika, tukawatupa. Wengi walipona. Ulikuwa msimu mwembamba, tulikula muhogo mchana na muhogo jioni, lakini tulifika.

Ziwa lilipofunguliwa, Ba Musonda aliwahitaji wanunuzi kuliko walivyomhitaji, kwani barafu haiwekwi akiba kwa hasira, na akinamama wengi walikuwa wamejifunza moshi. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni pa jumba lake akiita wapita njia. Mama alinishika mkono, akaenda hadi mbele yake, akamsalimu kwa heshima zote za kwao, sauti ikisikika hadi kwenye mitumbwi.

“Jambo, patron. Batoto banalamuka muzuri?”

Ni salamu ya kawaida, kuulizia kama watoto wameamka salama, huulizwa kila mtu asubuhi. Foleni nzima, ikikumbuka yale mayai, ilikunja midomo kuzuia kicheko. Ba Musonda alitujazia beseni mpaka juu. Udiwani hakuupata.

Nimekwisha kuwa mtu mzima na bado naishi Nchelenge, nauza nguo za mitumba na nina binti wa darasa la sita. Ba Hedi alistaafu kwa heshima. Kila akipewa nafasi kanisani au kwenye msiba, husimulia alivyoiunganisha shule yake na Antaktika, na katika simulizi lake Madamu Mutale hayumo, wala mayai. Wala simlaumu sana. Mtu aliyeinama maisha yake yote hawezi kuona mengi zaidi ya viatu vya mwenzake. Ninachokidharau zaidi ni kwamba warithi wake wameiga mgongo wake na kumzidi vifaa. Shule ina chumba kizima cha kompyuta, chenye mapazia, hufunguliwa wageni wanapokuja. Mwaka huu walitangaza kwamba watoto watazungumza na wanasayansi wa Ncha ya Kaskazini, kwa picha na sauti, ukutani, kama sinema. Nilifua sare ya binti yangu mara mbili. Nilimkumbusha swali langu la hema na moto, lile ambalo sijajibiwa mpaka leo, nikamwambia aulize kwa sauti, asingoje kuruhusiwa.

Alirudi jioni, akatupa mkoba, akaomba chakula. Nikamuuliza wale watu wa kwenye barafu wamesema nini.

“Hatukuwasikia, mama,” akajibu. “Tuliwaona tu, wamekaa wanatupungia mikono. Mgeni rasmi alikuwa anahutubia.”

“Muda wote?”

“Mpaka wao wenyewe wakazima.”